Gitaa la Kuanzia

Iyunga, Jumamosi jioni, Julai 1956

"La kuanzia," ndivyo alivyosema fundi Ambilikile leo aliponikabidhi gitaa. Mimi niliyepiga kwenye harusi kutoka hapa mpaka Chunya, nimeuziwa gitaa la mtu anayejifunza.

Tangu mashine ya mgodini inikate vidole viwili vya mkono wa kushoto, gitaa la kawaida siliwezi tena. Hili alilolichonga fundi mwenyewe limesimama kwa miguu minne kama meza. Unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na chini unakanyaga pedeli iliyofungwa waya wa breki ya baiskeli, uzi unavutwa, sauti inapanda.

Nililijaribu palepale karakanani. Likalia kama mbuzi. Fundi akasema, "Polepole, ndugu yangu. Utazoea." Zamani watu walinyamaza nikishika nyuzi.

Njiani nikakutana na Yohana, mwenzangu wa bendi. Akalitazama, akauliza, "Hicho ni kitanda cha mtoto?" Kisha akaniambia, wala hakuona aibu, kwamba ile harusi ya Iringa niliyotarajia kupiga, bendi imempa mpigaji mwingine. Nikamtakia safari njema.

Nyumbani, mke wangu Tusekile ameniomba nimpigie wimbo uliopigwa siku ya harusi yetu. Nimekosea tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakucheka. Amesema tu, "Rudia."

Nimemkasirikia sana. Halafu nimerudia.