Wa Sita Pale Biharwe

Jumanne, 31 Julai 2012

Kilomita ishirini na mbili. Kilima cha Ngarama mara mbili. Vumbi mpaka kwenye meno. Kocha Mulonda nyuma yangu na baiskeli yake mbovu, akipiga kelele: "Mabega chini, Elia! Mabega!" Mabega yangu yalikuwa chini. Ni macho yake ndiyo yamechoka.

Wiki nne kasoro. Niandike wazi ili nisijidanganye: tarehe 26 ni marathoni ya Mbarara. Wakimbiaji kumi wa kwanza watachukuliwa na klabu ya pale mjini. Kitanda, chakula, viatu, mashindano. Na mkubwa mmoja wa klabu hiyo alimwambia Kocha mbele yangu: kijana wako akiingia kumi, njoo naye, tunatafuta mtu wa kufundisha wadogo.

Kocha ana miaka hamsini na nane. Miaka tisa amefundisha watoto wetu kukimbia hapa kambini Nakivale, kwenye uwanja wa mawe, na hakuna aliyempa hata asante. Usiku ule hakupata usingizi. Aliniambia mwenyewe, bila aibu.

Kwa hiyo nikikimbia vibaya, tunabaki hapa wawili.

Jumamosi, 11 Agosti

Kaberebere, kwenda na kurudi. Mbio ndefu kuliko zote. Watu wa bodaboda walinicheka njia nzima: nani anakufukuza, umeiba nini? Nikawaonyesha ngumi. Sina subira na watu wa bodaboda.

Miguu ilikuwa mizuri mno. Mwishoni nilisikia kama ningeweza kugeuka nirudi tena Kaberebere. Kocha akatazama saa yake ya michezo mara tatu. Halafu akaanza wasiwasi wake. "Labda imezidi," akasema. "Wiki mbili zimebaki. Labda nimekukimbiza mingi." Nikamcheka. Mzee huyu akikosa la kuogopa ataogopa kivuli chake.

Jumapili, 19 Agosti

Wazee wa kanisa walikuwa wamenuna kwamba mimi, kiongozi wa kwaya, nitakimbia siku ya Bwana. Leo Pasta amemaliza maneno. Ametangaza: kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili ibada ikiisha, kanisa zima litafunga kwa ajili ya Elia. Bila chakula. Maji jua likizama tu.

Akanigeukia. "Lakini weye, kula. Kula vizuri. Sisi ndio tutafunga."

Amina ikajaa mpaka kwenye mabati. Mama Rebeka akainua mikono yote miwili. Mama Rebeka! Mjane yule anakula mara moja kwa siku hata bila kufunga. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Sikuweza kumwangalia.

Alhamisi, 23 Agosti

Yaya Esperance, dada yangu mkubwa ninayeishi naye, amefunga pamoja na wengine. Alinipikia mimi peke yangu. Bugali na ndagala, samaki wadogo wakavu, sahani imepanda kama kichuguu. Akaketi kando ya mafiga akitazama moshi. Tumbo lake likanguruma. Nililisikia.

Nikasema nje kuna upepo, nitakula huko. Ng'ambo ya njia kuna mama na watoto wake watatu, wametoka juzi tu Kabazana, kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi wapya, mgao wao wa chakula bado. Nikawapa sahani nzima. Hakuna aliyeniona.

Nani anaweza kutafuna wakati watu wazima wanalala njaa kwa jina lake? Mimi siwezi. Nitafunga nao, kimya kimya. Nimejisikia msafi leo, kama nimeoga.

Jioni Kocha alipita na baiskeli. Yeye si mtu wa kanisa, na anakaa mbali. Neno lake ni moja siku hizi.

"Umekula nini?"

"Bugali na ndagala."

"Mingi?"

"Mingi, Kocha."

Ijumaa, 24 Agosti

Kichwa kinapiga. Tumbo limenyamaza. Sahani ng'ambo tena. Yule mama akasema Mungu akuzidishie, nami nikaitika amina kama mtakatifu.

Kocha ameagiza ninywe maji yenye sukari na chumvi kutwa nzima. Nimesema nimekunywa. Nimekunywa kikombe kimoja, jua lilipozama, kama wenzangu.

Najisikia mwepesi. Najiambia ni wepesi wa mbio.

Jumamosi, 25 Agosti. Mbarara

Karatasi za ruhusa ya kutoka kambini zimepigwa muhuri. Tumefikia Kakoba, kwa rafiki wa Kocha. Mji una kelele, harufu ya nyama ya kuchoma kila kona. Niliziba pua kwa kola ya shati.

Jioni Kocha alileta matoke na mchuzi wa karanga. Yangu sahani tele, yeye akachukua kipande kimoja. Nikasema tumbo limekaza kwa woga, nitakula nikiwa kitandani. Akakubali. Anakubali kila ninachosema, hiyo ndiyo shida yake.

Nikaweka chakula kwenye mfuko wa nailoni, nikaenda nyuma ya nyumba, nikatupa kwenye shimo la taka. Huku hakuna mgeni wa Kabazana wa kumpa. Mimi, mtoto wa wakimbizi, nimetupa chakula. Sijawahi tangu nizaliwe.

Ningeweza kula. Hakuna aliyenishika mkono. Ila nikawaza: umebaki usiku mmoja tu, nikila sasa njaa ya siku zote hizi imekuwa bure, na ya Mama Rebeka imekuwa bure.

Jumatatu, 27 Agosti

Jana sikuweza kushika kalamu.

Asubuhi Kocha alikoroga uji yeye mwenyewe. Nikaumwaga nyuma ya choo. Akachukua kikombe kitupu, akatabasamu. Sitasahau.

Tulianza uwanjani baridi ikiwa bado. Barabara ya Masaka. Sikuamini miguu yangu. Ilikwenda! Pale Biharwe tunapogeuzia nikawahesabu waliokuwa wanarudi: watano. Mimi wa sita. Wa sita, kati ya watu wote wale wenye viatu vipya. Nikasema moyoni, mnaona, Mungu ameona.

Kurudi mjini nilikuwa wa saba. Bado ndani ya kumi. Tukavuka mto Rwizi, tukashika barabara ya Kabale. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja kuzaliwa, alinikuta pale Ruti, nje kidogo ya mji. Kwanza vidole vikafa ganzi. Halafu baridi, jua kali na mimi nasikia baridi. Nikanywa maji kwenye meza ya njiani, yakarudi yote. Wa nane, wa tisa, wa kumi wakanipita. Wa kumi na moja alinigusa bega akasema pole, na nikataka kumpiga.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka nimekaa kwenye changarawe na mwanamke mmoja wa shamba ananipepea kwa jani la ndizi.

Gari la kuokota walioanguka likaja. Nesi akauliza kwa Kiswahili chake cha hapa: "Wewe, leo nakula nini asubuhi?" Nikasema uji. Hata pale! Hata mgongo ukiwa umelala kwenye bati la gari, nikadanganya.

Gari liliingia uwanjani kwa mlango wa nyuma. Kocha alikuwa mlango wa mbele, amekunja sweta yangu kwenye mkono, anatazama barabara. Kila alipotokea mkimbiaji, Kocha alinyoosha shingo. Si mimi. Ananyoosha tena. Niliutazama mgongo wake muda mrefu. Sikumwita. Sikuweza. Mwishowe alikuwa anatazama wale wanaotembea, wazee na wanafunzi, na bado ananyoosha shingo.

Yule mkubwa wa klabu alimpa mkono. "Mzee, pole. Siku ingine." Akaenda kwa wengine.

Njia yote ya kurudi Kocha hakuuliza kitu. Alinifunika na sweta.

Ijumaa, 31 Agosti

Siendi kwaya. Nimesema ni miguu.

Maneno yamejaa kijijini. Kwamba Kocha alinimaliza. Kwamba Kaberebere kwenda na kurudi ni kazi ya pikipiki, siyo ya mtu. Kwamba mtu asiyesali amewekewa kijana wa watu mkononi, mlitegemea nini? Hata Pasta, mtu mpole, alisema labda mazoezi yalizidi. Wazazi wanne wamewaondoa watoto wao uwanjani. Mama mmoja alinisimamisha kisimani: "Na wangu ataanguka hivi, Elia? Sema kweli."

Nikasema sijui.

Sijui! Najua vizuri sana.

Jumamosi, 1 Septemba

Ni bora nisingeamka leo.

Kocha amekuja nyumbani. Amevaa shati lake la kola, la sherehe. Yaya akampa kiti. Akakaa, akatoa kofia, akasema amekuja kuomba msamaha.

"Nilikukimbiza mingi," akasema. "Kaberebere ile. Nilijua imezidi, nikanyamaza juu nilitamani ile fasi ya kazi kule Mbarara. Niliwaza mambo yangu. Unisamehe, mwanangu."

Machozi yalikuwa yamejaa macho yake. Mzee wa miaka hamsini na nane mbele yangu, kofia mkononi.

Na mimi nikasema nini? Nikasema: "Hakuna shida, Kocha. Yamepita."

Nimemsamehe! Nimempa msamaha kama mtu mwenye nao. Mimi ni mtu mbaya. Nilifikiri watu wabaya wanajijua tangu utotoni. Kumbe mtu anaweza kuufikia ubaya akipitia kwenye kufunga na kuomba.

Jumatatu, 3 Septemba

Yule mama wa ng'ambo amepata mgao wake. Akaja na kikapu kidogo cha maharagwe kumshukuru Yaya kwa sahani za Alhamisi na Ijumaa ile.

Yaya akapokea kwa mikono miwili. Akamsindikiza mpaka njiani. Akarudi, akaketi. Hakupiga kelele, na Yaya anajua kupiga kelele, kijiji kizima kinajua.

"Kwa hiyo hukukula."

"Hapana."

"Na Kocha banamutukana kila siku, na weye uko umeketi hapa."

Nikaanza kumweleza. Kwamba niliona aibu. Kwamba yeye alikuwa na njaa kwa sababu yangu. Akanikata.

"Njaa ilikuwa yetu. Tulikutolea. Uliikataa kama mtu anayerudisha zawadi mulangoni, halafu ukasema uongo juu yake."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Wao walitoa, mimi kazi yangu ilikuwa kupokea na kukimbia. Nikaona kupokea ni udogo. Kiburi tu. Nilikivisha nguo ya kanisa, lakini ni kiburi.

Alhamisi, 6 Septemba

Siku mbili nilifika mpaka kwenye mgomba wa kwanza wa Kocha na kurudi. Leo nimeingia.

Kocha alikuwa analima nyuma ya nyumba. Anataka kupanda kabla mvua haijashika. Baiskeli ameitundika ukutani, ameitoa mnyororo. Sikungoja kiti. Nikasema yote nikiwa nimesimama: sahani nilizowapa wageni, matoke kwenye shimo, uji nyuma ya choo. Sikuacha kitu. Niliposema uji, jembe lilisimama.

Kuku wakapita kati yetu. Nilitamani anipige.

"Pale Biharwe," akasema, "ulikuwa wa ngapi?"

"Wa sita."

"Wa sita. Na njaa ya siku tatu."

"Ndiyo, Kocha."

Akainamia mpini wa jembe. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani anacheka.

"Basi sikukosea," akasema. "Mazoezi yalikuwa sawa. Sikukosea."

Akarudia mara nyingi, si kwangu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanya. Kumkosesha Mbarara ilikuwa nusu tu. Siku zote hizi mzee alikuwa anailaumu miaka yake yote tisa, kila mtoto aliyemkimbiza, anajiuliza kama aliwahi kujua kazi hii hata siku moja.

Halafu akafuta uso kwa mkono wenye udongo. Furaha ikaisha. Nikaiona inaisha. Akanitazama kama anavyotazama saa yake, muda mrefu, bila kupepesa.

"Nenda nyumbani, Elia," akasema.

Jumapili, 9 Septemba

Mvua asubuhi. Kanisa nusu.

Wakati wa ushuhuda nilisimama nikasema yote. Pasta aliniambia nile, sikula. Kocha aliniambia ninywe, sikunywa. Kocha hakukosea hata mahali pamoja. Sauti ilitoka ndogo. Nilimwangalia Mama Rebeka wakati huu. Hakukasirika. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyesikia habari ya msiba wa mbali. Pasta akaniombea kwa ufupi, wakaendelea na wimbo. Sikuimba.

Nje, wale wazazi wanne walikuja mmoja mmoja. Wanataka watoto warudi. Wakaniuliza kama Kocha atakubali. Nikasema nitamuuliza.

Nimekwenda mchana, kwa miguu, matope mpaka kwenye vifundo. Alikuwa ameketi mlangoni anaondoa kutu kwenye mnyororo wa baiskeli. Nikampa ujumbe wao. Akaendelea kusugua. Nikangoja.

"Waje Jumanne," akasema. "Watoto. Saa kumi na mbili asubuhi."

Nikasema nitawaambia. Sikuuliza juu yangu.