Fungu la Aliye Safarini

3 Februari

Kwako wifi yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kuinamia mashuka ya hoteli umetulia. Sisi hatujambo. Kijino ameng'oka jino la pili la mbele, sasa akisema "shangazi" inatoka filimbi. Mama yako mzima. Macho ndiyo yanazidi kufifia, lakini masikio yale, wifi, yangeweza kuajiriwa. Ndiyo maana nakuandikia karatasi. Simu ya nyumba hii inalala chini ya mto wake, na kila neno linapita kwake kwanza. Barua nampa dereva wa lori, mteja wangu, aliyenipa suruali zake nimpunguzie kiuno.

Nina jambo dogo, ila limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ni sahani ya kaka yako.

Tangu mume wangu aje huko kutafuta kazi, mama anataka fungu lake lipakuliwe kwanza, kabla yetu. Wali wa kujaa, kipande cha nyama kilicho bora, kisha kifunikwe na kuwekwa mezani mbele ya kiti chake. Hakuna ruhusa ya kukigusa. "Ukila fungu la aliye safarini unamfungia njia ya kurudi," anasema, na akisema hivyo amemaliza. Friji ilikufa mwaka jana. Asubuhi nikifunua, chakula kimechacha, namwaga kwa kuku wa jirani. Kuku wale wamenenepa mpaka wanatembea kama mabibi harusi.

Nilijaribu kupunguza. Haoni vizuri, lakini anainyanyua ile sahani na kuipima mkononi kama muuza nyama. "Hii nyepesi. Mwanangu si mgonjwa." Basi narudi kuongeza, na nikiongeza huko kwetu kunapungua. Juzi Kijino alipangusa sahani yake kwa kidole, akaangalia ile iliyofunikwa, akaniuliza kama baba ataweza kumaliza chakula chote kile. Nilijifanya natafuta chumvi.

Wewe na kaka yako mko mji mmoja. Nakuomba umwambie ampigie mama, aseme neno moja tu: msiniwekee chakula mpaka nifike. Akisema yeye, mama atasikia. Hajapiga tangu kabla ya mvua.

Wifi yako,
Mama Kijino


16 Februari

Mama Kijino wangu,

Barua nimeipata, na dereva amenionyesha kiuno cha suruali yake mbele ya watu bila aibu. Umempendezesha. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mgongo upo palepale, tumeshazoeana. Chumba chetu cha kufulia kiko chini ya jengo, hakina hata dirisha. Mvua ikinyesha tunaijua kwa matope ya kwenye taulo za wageni.

Kuhusu chakula, usikimwage hivihivi, roho itakuuma. Pika kwa kupima na kikombe, usipike kwa macho, maana macho yana njaa kuliko tumbo. Mchuzi uchemshe upya kabla ya kulala. Maganda ya viazi usiyatupe, yaoshe, yakaange, Kijino atayapenda. Mboga zikianza kulegea ziloweke kwenye maji baridi, zinafufuka. Mimi huku napikia mtu mmoja kwenye jiko la ukubwa wa kiatu, nimejifunza.

Kaka yangu nitamwona. Kazi zimembana. Unajua watu wa huku, mwezi unaisha hujaonana na jirani wa mlango wa pili. Usimfikirie sana.

Ila mimi kumwambia mama chochote, hapana. Siku nilipomkataa yule mwanaume waliyenichagulia, aliniambia nikivuka mlango ule nisirudi mpaka aniite. Nimevuka, sijaitwa. Neno langu kwake ni maji juu ya jani.

Mbusu Kijino kwenye lile pengo.

Shangazi yake


9 Machi

Wifi yangu,

Hujambo? Huku hatujambo sana, nitakueleza.

Kikombe nimekitumia. Kweli nimepika kidogo. Lakini fungu la kaka yako ndilo linalotoka kwanza, na halipungui, kwa hiyo tuliopunguziwa ni sisi. Nikaamua kutumia akili. Jioni moja nilimlisha Kijino ile sahani chumbani kwenye cherehani, nyama na yote. Kisha nikatia ndani yake kitambaa kizito nilichokilowesha maji, nikafunika, nikaweka mezani. Mama akaja, akanyanyua, akapima, akaridhika. Nilishaanza kushusha pumzi. Kumbe maji yamepita pembeni yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Mchuzi gani huu wa baridi?"

Wifi, nilicheka. Ndilo kosa langu, nilicheka. Akafunua, akakishika kitambaa, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeibiwa msikitini. "Unamnyang'anya mumeo tonge akiwa mbali! Ndiyo maana harudi. Ni wewe!"

Tangu siku ile ameweka kigoda mlangoni mwa jikoni. Ananisikiliza napika, ananisikiliza napakua. Akienda kulala anaiingiza sahani jikoni, anafunga na kuondoka na ufunguo. Nikitaka kwenda dukani kununua vifungo naulizwa nani atampakulia mwanawe nikichelewa. Nashona dirishani, naona watu wanapita na vikapu vyao, nawaonea wivu hata wanaokwenda kuchota maji.

Na sasa nisikilize. Wiki iliyopita mama alifungua jikoni mapema, mimi nilikuwa napokea kitambaa cha mteja. Kijino aliingia akala ile sahani ya jana yake, iliyokuwa imeshachacha. Mchana alikuwa anatapika mpaka macho yamemgeuka. Nimembeba mgongoni mpaka zahanati. Muuguzi akamuuliza, "Umekula nini, mwanangu?" Mtoto akajibu, "Cha baba." Muuguzi akacheka, akadhani ni utani. Walimlaza, wakamtilia maji. Sasa amepona, lakini amebaki shingo tupu.

Nilimwambia mama, "Sahani hii nusura iniulie mtoto." Akasema, "Pakua, jua limezama." Na mimi nikapakua. Hilo ndilo linalonitisha, wifi, kwamba nilipakua.

Kama kuna kitu unajua kuhusu kaka yako, niambie. Barua yako ilimpitia mbiombio kama mtu anayeruka dimbwi. Mimi ni fundi, nikishika mshono nausikia uliposhonwa kwa haraka.

Mama Kijino


28 Mei

Mama Kijino,

Naanza na samahani, kwa sababu salamu hazitatosha. Dereva ameniuliza mara nyingi, nami nilimwambia sina barua. Nilikuwa nimekuandikia nyingi. Nilizichana. Kijino anaendeleaje? Nimemlilia huku chini kati ya mashine, hakuna aliyesikia.

Kaka yangu harudi, wifi.

Nimejua tangu mwaka jana. Aliniapisha ninyamaze, akasema atawaeleza mwenyewe. Nilipopata habari ya Kijino nilikwenda kwake, nikasema leo ataeleza. Mlango ulifunguliwa na mwanamke ameshika mwiko, na nyuma yake mtoto anayeanza kutembea. Mwenye uso wetu. Yule mwanamke hana ubaya, alinikaribisha, akanipakulia. Anadhani mumewe hajawahi kuoa.

Tulikula. Kaka yangu alikula nusu, akasukuma sahani, akajinyoosha. "Nimeshiba." Nusu nzima, wifi, na nyama juu yake. Nikamwambia mbele ya mkewe, "Kwa mama unawekewa sahani kila siku. Mwanao ameila imeoza, nusura afe." Yule mwanamke akauliza, "Mwanao yupi?" Nikaondoka nikiwaachia swali hilo. Mpaka barazani nilisikia kaka ananiita kwa jina la utotoni, sikugeuka.

Sasa unajua. Fanya utakavyo, hakuna atakayekulaumu, na atakayekulaumu mlete kwangu. Chumba changu ni kidogo lakini mlango wake unafunguka. Hapa hotelini wanatafuta mtu wa kushona mapazia na mashuka yaliyochanika. Njoo na Kijino.

Ila nakuomba kitu kimoja, na najua sina haki ya kuomba. Mama usimwambie. Yule anaishi kwa ile sahani. Ukimwambia utamzika.

Shangazi wa Kijino


14 Juni

Wifi,

Salamu. Kijino mzima, anacheza. Mama mzima pia, ujue hivyo kabla sijaendelea.

Baada ya barua yako niliendelea kupakua. Nilijua sahani ni ya mtu anayekula kwingine na kubakiza, lakini jioni ikifika mkono unachukua upawa wenyewe. Nilifunika, nikamwaga, nikafunika, nikamwaga. Kuna siku nilimwekea hata limau, nikasimama nikijishangaa.

Jumapili nilimlisha Kijino, nikampeleka kwa jirani. Nikapakua fungu la kaka yako kama kawaida, mama akalipima, akaitikia. Kisha nikavuta kiti cha mume wangu, nikakaa, nikafunua, nikaanza kula.

"Nani amekaa hapo?"

"Mimi, mama."

"Hicho ni cha mwanangu."

"Mwanao ana kwake. Anapikiwa, anashiba, anabakiza. Ana mtoto mwingine. Mimi nina njaa, mama."

Nimekuvunjia ombi lako, wifi, nisamehe. Nilingoja aanguke. Nilikuwa nimeshajiandaa kumdaka. Hakuanguka. Alipapasa meza mpaka akapata ukingo, akakaa mkabala nami, akasema, "Najua."

Nikarudisha tonge kwenye sahani.

Anajua tangu ile simu ya mwisho, kabla ya mvua. Kaka yako alikuwa anamdanganya habari za nauli, na nyuma yake mama akasikia mtoto akilia na mwanamke akisema, "Mume wangu, chakula kinapoa." Nilikwambia habari za masikio yale.

"Sasa kwa nini, mama?" nikamuuliza. "Mwaka mzima namwaga chakula. Mtoto amelazwa. Kwa nini?"

Akasema polepole, kama anayejisomea mwenyewe: "Siku ambayo ningeacha kudai sahani yake ipakuliwe, wewe ungefunga mzigo. Ukiwa unamngoja, unakaa. Mimi sioni, mwanangu. Ningebaki na nani?"

Wifi, sijui kama umewahi kuchukia mtu na kumhurumia kwa pumzi moja. Nilimaliza ile sahani yote kwa hasira, sikuacha hata punje. Kisha nikamwambia naondoka. Shule zikifungwa, mimi na Kijino tunaondoka. Nimemwambia mchana, kwa sauti, asije akasema hakusikia.

Hiyo ilikuwa juzi. Leo asubuhi amekuja kwenye cherehani, akasema: "Mwandikie mwenzako. Mwambie aje." Amekutaja kwa jina, la kwako kamili. Basi nakuandikia kama nilivyotumwa.

Kuhusu kaka yako, nitaongea naye mwenyewe. Si kwa mdomo wako tena, umebeba vya kutosha.

Mama Kijino


1 Julai

Mama Kijino wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Uliyoyafanya ni sawa. Nilikosea kukuomba unyamazie uongo, maana na mimi nilikuwa nakufungia mlemle.

Lakini siji.

Nimengoja kuitwa miaka yote hii. Nilidhani nikiitwa nitakimbia bila viatu. Kumbe mama hajaniita mimi, ameita mpishi. Angekuwa anaweza kukuzuia wewe, jina langu lisingetoka kinywani mwake. Nikija nitakalishwa kwenye kile kigoda, na atatafuta sahani nyingine ya kunifungia. Mwambie hivyo, au mwambie vizuri zaidi, wewe una maneno. Nimeandika nikilia, usidhani ni kiburi.

Ninyi njooni. Yule wa mapazia bado hajapatikana, nimemwambia msimamizi kuna fundi anakuja. Na kama mama anataka kukaa na watoto wake, barabara ni ileile, lori linapakia watu. Hatakubali. Yule akienda kwa jirani tu anaaga kama anayehama. Lakini mwambie, ili isije ikasemwa kwamba hakualikwa.

Wifi yako


20 Julai

Wifi yangu,

Hujambo na kazi? Sisi salama. Jino la Kijino limeanza kuchomoza, limekaa upande kama mlango ulioachia bawaba.

Barua yako nimemsomea mama yote. Sikuruka hata ile sehemu ya mpishi. Alikunja kanga yake, akaikunjua, akasema, "Ana mdomo kama wangu." Akaenda kulala kabla ya chakula.

Tangu hapo tunapikia watu watatu. Hakuna aliyelitangaza hilo. Jioni ya kwanza nilipakua sahani tatu, nikangoja, kigoda kikawa kimya. Sufuria inaisha. Nilidhani nitafurahi, lakini siku ile nilikaa naiangalia ile sufuria tupu nikalia kama mjinga. Mama akanisikia, akasukuma kwangu kipande chake cha nyama, akasema meno hayawezi.

Nimempigia kaka yako. Alianza na nauli. Nikamwambia asihangaike, nikamweleza atamkuta wapi mtoto wake akimtaka, nikakata. Mama alikuwa amekaa pembeni. Hakuomba simu.

Shule zinafungwa wiki ijayo. Cherehani nimeifunga kwa magunia, dereva atatuchukua. Kila ninachokunja, mama anakipapasa kujua ni nini. Bado najihisi mwizi, wifi. Kila nikiaga kichwani mwangu, naona ile meza na yeye peke yake anatafuta ukingo wake. Nimemwambia ulivyosema, kwamba barabara ni ileile, na nyumba inaweza kupangishwa. Akaniagiza nifunike mtungi. Nikamwambia tena kesho yake, akaniagiza vilevile.

Jana nilikuwa naosha vyombo. Akasimama mlangoni, hakukaa kwenye kigoda. Akauliza, kwa ile sauti ya kama hataki chochote, kama huko unakokaa choo kiko ndani au kiko nje.

Nimemwambia sijui, nitakuuliza. Nijibu upesi kwa dereva huyuhuyu, maana ameniuliza tena leo asubuhi.

Mama Kijino