Yuko Wapi Wiki Hii

Jumatatu, 6 Juni 2005

Kosa la wengi wanaotengeneza huduma za kompyuta ni kudhani kuwa mtu anakaa pale alipoandikishwa. Leo nimelikuta kwenye kazi ya binti yangu Rukia. Baada ya chai nilikaa naye kama kawaida, nikikagua mantiki yake. Anaitengenezea kliniki ya hapa mjini Masoko programu ya kuwafuatilia wajawazito kwa ujumbe wa simu. Mama akijibu kuwa anaumwa, kituo cha karibu na nyumba yake kinapewa taarifa. Vizuri. Lakini mimba ya kwanza, ikifika mwezi wa nane, msichana hurudi kwa mama yake kujifungua. Sote tunajua. Hakuna aliyeiingiza desturi hiyo kwenye programu.

Jumanne, 7 Juni

Zuhura, mke wa mwanangu, mwenye mimba ya kwanza ya miezi minane, ameondoka na boti kwenda kwao, kisiwa cha Songo Songo. Miguu imevimba kidogo. Nilitamani abaki. Nikamfungia mzigo. Hata mimi nilikwenda kwa mama yangu. Nyumba imepoa.

Jumatano, 8 Juni

Nimemweleza Rukia: usiulize anaishi wapi, uliza yuko wapi wiki hii. Mahali hubadilika kama presha, hupimwa tena na tena. Akacheka. "Mama, umestaafu ualimu lakini chaki hujaiweka chini!" Kisha akafuta kazi yake na kuanza upya, bila kununa. Nampenda sana mtoto huyu.

Ijumaa, 10 Juni

Programu imeuliza. Wengi wamejibu. Zuhura, naye ameandikishwa, kimya. Nimempigia, hapatikani. Huenda ni mtandao. Huenda amebadilisha laini. Siku hizi kampuni za simu ni nyingi, kila mtu ana laini mbili na anaweka ile yenye nafuu. Rukia anasema asiyejibu, programu inamhesabu kuwa mzima.

Nimekasirika. Nani kasema kimya ni uzima?

"Sasa mama, unataka mashine ifanye nini? Ipande boti?"

Ndiyo, nikamwambia. Imtume mtu apande.

Hatukuagana vizuri.

Jumamosi, 11 Juni

Nimeamka na hofu. Rukia alishaamka, yuko mezani. Amebadilisha. Asiyejibu, ujumbe unakwenda laini ya pili. Ikishindikana, kwa ndugu yake. Ikishindikana, kwa muuguzi wa pale alipo, aende kwa miguu. Mtandao ukiwa dhaifu, programu inapunguza mwendo na kujaribu tena, haikati tamaa. Huduma nzuri ndivyo inavyotakiwa: hali ikibadilika ibadili njia, isimsahau mtu.

Mahali alipo Zuhura tumejaza Songo Songo sisi wenyewe.

Adhuhuri muuguzi wa kisiwani alipiga simu. Amemkuta Zuhura kalala, kichwa kinapasuka, macho yanaona ukungu. Presha iko juu sana. Simu yake imeisha chaji. Mama yake alidhani ni uchovu wa mimba. Wamempakia kwenye boti ya injini, wanamleta hospitali.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 12 Juni

Amefanyiwa upasuaji. Mtoto wa kike. Mdogo, lakini analia kwa nguvu. Zuhura alipofumbua macho akasema, "Shikamoo, mama." Nikamwitikia marahaba, nikalia mbele ya manesi. Rukia alisimama mlangoni, anaogopa kumbeba. Nikamwekea mtoto mikononi.

Jumatano, 22 Juni

Zuhura amerudi kwa mama yake amalizie arobaini huko. Safari hii nimemruhusu kwa moyo mweupe. Asubuhi programu imemuuliza yuko wapi. Amejibu mwenyewe: kwa mama, tumeshiba, tumelala.

Rukia ananionyesha mwingine, mwanamke wa Likawage. Hajajibu, wala ndugu yake hajajibu, na muuguzi wa huko yuko likizo. Huenda ni mzima. Nimemwambia: usikisie. Tafuta mtu wa kumtuma, aende leo akamwone.