Bata wa Kupimia Maji

Mama, shikamoo. Hapa kwenye machimbo ya Mwakitolyo nina hasira.

Nilimwambia mwenye mwalo wa kuoshea dhahabu kwamba dimbwi lake lina zebaki. Akacheka. "Daktari, bata wangu anakunywa hapo kila siku. Mbona hafi?"

Mimi napima sumu kwenye seli za maabara ili panya wasiteswe, yeye ananiletea bata! Nikamweleza kuwa zebaki haiui papo hapo, inajilimbikiza mwilini taratibu. Akaitikia kwa adabu, akanikaribisha chakula.

Mkewe akaleta bakuli la mgeni, nyama tupu. Nikatazama dimbwini: bata hayupo. Watoto wao walikuwa wakisubiri nitakachobakiza.

Ubaki na afya, Mama. Ulinifundisha chakula cha watu hakikataliwi. Nimekimwaga chini, wote wakitazama.

Mwanao, Rehema