Rubani wa Lifti Iliyokufa

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikunjia uso, maana najua utanikunjia, na mimi mwenyewe siku hizi nikipita mbele ya kioo naangalia pembeni. Mimi ni mama wa watoto wawili, fundi makochi, nina karakana ndogo nyuma ya ghala la magodoro, na ninagombea udiwani. Sikutumwa na mtu. Nilichoka tu. Nalipa leseni, nalipa ushuru wa takataka ambazo nazichoma mwenyewe kwa sababu gari la taka halijaingia mtaani kwetu tangu mwanangu mdogo hajaota meno, nalipa mpaka ada ya kibao, na hiyo wanaipima kwa upana, kwa hiyo nikakifuta kibao changu nikakiandika upya kwa herufi ndogo hadi wateja wanasogea kusoma wakidhani ni tangazo la msiba. Kinyozi jirani yangu amefunga duka, mshona viatu naye amefunga, nikasema basi, nitagombea, na ahadi yangu ni moja, jiji libane matumizi, kodi na ushuru vishuke, mtu mdogo apumue. Watu wananiita Mama Mkasi kwa sababu ya kazi yangu, nami nikalichukua jina hivyohivyo, napanda jukwaani na mkasi wa kukatia vitambaa, nataja tumizi moja la ovyo, nauliza "Tufanyeje?" na watu wanaitikia "Kata!"

Sasa Shangazi, baba yangu. Baba ni mwajiriwa wa jiji, mwendesha lifti katika jengo la halmashauri, na lifti yenyewe ilikufa zamani. Kila mwaka wanasema itatengenezwa, na kila asubuhi baba anavaa sare yake ya vifungo vya shaba, ameipiga pasi kwa mkono wake maana hakubali mtu mwingine aiguse, anakwenda kukaa kando ya mlango usiofunguka, kwenye stuli ambayo mimi ndiye niliyemwekea sponji ili asiumie mgongo, jioni anarudi. Anaishi nasi tangu mama afariki. Na jambo hilo nyumbani kwetu ni utani. Mama ndiye aliyeuanza. Walikutana humohumo ndani ya lifti ilipokuwa hai, mama akiwa msichana amekwenda kufuatilia cheti cha kuzaliwa, hajawahi kupanda kitu kama kile, akafumba macho, akang'ang'ania mkono wa sare ya baba, akamwambia, "Rubani, nishushe, nitapanda kwa miguu." Jina likabaki hapo. Alimwita Rubani mpaka kwenye kitanda cha hospitali. Sisi tukalirithi, wanangu wakalirithi, baba akiingia mlangoni jioni wanamrukia, "Shikamoo Rubani! Leo umerusha wangapi?" naye anavua kofia, uso mkavu kabisa, anasema, "Leo hali ya hewa mbaya, nimeahirisha safari," au siku nyingine, "Leo nimebeba mawaziri, msinichimbe," na tunacheka kama vile hatujawahi kusikia.

Mkutano wangu wa kwanza mkubwa ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Nikaanza kuwaeleza watu bajeti ya jiji, na bajeti haina utamu Shangazi, hata uipake asali, watu wakaanza kupiga miayo, wengine wanachukua watoto wao wanaondoka, na mwenyekiti wa kamati yangu ya kampeni, ambaye ni mfamasia na hana subira, ananipungia mkono pale chini nichangamke, nami nikatafuta kitu cha kuwachekesha, na kitu pekee ninachojua kinachekesha siku zote kikanijia chenyewe mdomoni. Nikasema, "Ndugu zangu, mnajua jiji lenu lina rubani?" Watu wakatulia. "Rubani wa lifti iliyokufa! Ana sare, ana kofia, anasubiri abiria, na nyie mnamlipa!" Uwanja ukalipuka. Nikaona nimewapata, nikaongeza la hali ya hewa, nikaongeza la mawaziri, yote, kwa sauti ya baba kabisa, watu wanashika mbavu, kisha nikainua mkasi nikauliza, "Tufanyeje?"

"Kata!"

Ndipo nikamwona. Alikuwa amesimama nyuma karibu na muuza soda, ametoka kazini moja kwa moja kuja kumsikiliza binti yake, amevaa sare, na kwenye mfuko wa kifua lipo lile neno LIFTI ambalo nililidarizi mimi mwenyewe. Watu walio karibu naye walikuwa wanageuka kumtazama, huyu anamgusa mwenzake kiwiko, yule anamnyooshea kidole. Na baba alikuwa anacheka. Alicheka pamoja nao mpaka mwisho, akapiga na makofi.

Nyumbani akaniambia, "Umesema vizuri, sauti imefika mpaka nyuma." Akala, akaenda kulala. Nikajidanganya kwamba yamepita. Lakini maneno yale yalishashika moto, yamewekwa kwenye gari la matangazo, wanakamati wanayarudia kila kona, na vijana wa kijiweni wakimwona baba anapita wanaitikia "Kata!" bila hata kuulizwa. Wanangu hawajui kitu, jioni wanamrukia vilevile, "Shikamoo Rubani! Umerusha wangapi?" naye anawaambia, "Marahaba, wajukuu zangu," anapita kwenda kunawa mikono. Asubuhi siku hizi anatoka na nguo za kawaida, sare ameikunja ndani ya mfuko wa sokoni, anakwenda kuivalia huko kazini. Inarudi na makunyanzi. Pasi haigusi tena.

Mkutano wa kufunga kampeni ni Jumamosi, mbele ya jengo lile lile la halmashauri. Mwenyekiti anasema bila Rubani mkutano utakuwa matanga. Mume wangu anasema siasa ni siasa, mzee mwenyewe hajalalamika, mbona nalia kabla ya kuchapwa. Nikaona nimwendee baba. Nikamkuta uani anapiga viatu rangi, nikamwambia, baba, Jumamosi ile habari ya lifti nitaiacha. Hakuinua uso. Akasema, "Sema, mwanangu. Ukiiacha, halafu wakashinda wale, nitakuwa mimi ndiye niliyekuangusha. Na tena ni kweli. Lifti haipandi."

Hilo la "ni kweli" ndilo linalonitafuna, kwa sababu ni kweli, na nikishinda siwezi kusimama mbele ya watu niwaambie jiji libane matumizi isipokuwa kwa baba yangu. Sasa Shangazi, nijitoe? Niseme, kwa kuwa ameniruhusu? Ninyamaze? Na kazi yake nitaifanyaje? Barua hii ichapishe gazetini ukitaka, sina uso wa kuficha tena.

Wako, Mama Mkasi

*

Mama Mkasi,

Uso nimekukunjia, ulikisia vizuri, ila nilifuta machozi kwanza, kwa hiyo pole yangu ipokee kabla ya fimbo. Jibu hili nimekutumia mkononi kabla gazeti halijapigwa chapa, na nitakueleza kwa nini.

Acha habari za kujitoa. Ujitoe ili nani apone? Baba yako amekwambia kwa mdomo wake kwamba anaogopa kukuangusha, nawe unataka kumthibitishia? Ukijitoa, ushuru wa takataka hautapungua hata senti, kinyozi wako hatafungua duka, na mzee atabebeshwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Gombea. Unayoyasema kuhusu jiji yana haki yake, na lazima awepo mtu wa kuyasema.

Ila usijifiche nyuma ya hiyo haki. Lifti imekufa, sawa. Aliyeiua ni yule bwana wa kwenye stuli? Juu ya kichwa chake zipo ghorofa nzima za wakubwa wanaoahidi kila mwaka kuitengeneza, wana viti vya kuzunguka na magari ya kupelekwa nyumbani, na katika hotuba yako sijaona hata mmoja aliyeguswa na huo mkasi. Ulimrukia aliyekaa chini kabisa kwa sababu kichekesho chake kilikuwa tayari kimepikwa. Na aliyekipika si wewe.

Baba yako alijua kabla yako na yangu kwamba lifti haipandi. Amelijua hilo kila asubuhi akifunga vile vifungo. Ule utani ndio uliokuwa unamwezesha kwenda na kurudi, na aliugawa kwa watu wa mlangoni kwake tu. Nyumbani ulikuwa na maana ya tunakupenda hata lifti ikifa. Uwanjani ukageuka kuwa tunakulipa bure. Na lile jina la marehemu mama yako, mwanangu! Mtu akiwa amefumba macho na ameshika mkono wa mwenzake ndipo lilipozaliwa, wewe ukalipeleka kuombea kura. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na huu umetumbua.

Usiniambie pia kwamba mzee ameridhia. Mzazi ukimwomba stuli aliyoikalia atainuka akupe, kisha akwambie alikuwa anataka kusimama. Hiyo si ruhusa. Mumeo na huyo mfamasia wako, kama wana hamu ya vichekesho, wapande jukwaani na baba zao wenyewe. Mkuki kwa nguruwe.

Sasa fanya ninavyokwambia. Leo akirudi kazini, mkae wawili. Usianze na "nisamehe", maana atakujibu "yameisha" kabla hujafika katikati, na yatakuwa hayajaisha. Mwambie ulichofanya, kwa maneno ya kawaida: baba, nilichukua jina alilokupa mama, nikawapa watu wakucheke. Kisha nyamaza. Akinyamaza naye, nyamazeni wote, hamtakufa. Halafu mwambie kuhusu barua hii, umsomee yote, na hili jibu langu. Ikimfikia gazetini wakati wewe hujafungua mdomo, utakuwa umempandisha jukwaani mara ya pili. Akisema isitoke, anipigie simu, naichana. Safari hii aamue yeye.

Kuhusu Jumamosi, muulize mapema kama anataka itajwe kwamba ni baba yako. Akikubali, sema, "Yule bwana wa lifti ni baba yangu, na nilikosea kuwachekesha kwa kumdhihaki." Akikataa, omba radhi bila kutaja kwamba ni baba yako, na gari la matangazo linyamazishe leo hii, usingoje Jumamosi. Watu wataguna. Kura zitapungua, na usije ukaniandikia kunilaumu. Kisha endelea na mkasi wako, ila anza kukata kutoka ghorofa ya juu kushuka chini.

Ukishinda, na ile kazi ikaletwa kikaoni ifutwe, taja wazi kwamba ni ya baba yako, toka nje ya ukumbi, waachie wengine wapige kura. Pengine wataifuta, na pengine watakuwa na haki. Lakini aisikie kutoka kwako, nyumbani, siku kadhaa kabla, asije akaisikia redioni akiwa amekaa pale mlangoni.

Na kesho asubuhi, akishika ule mfuko wa sokoni, muombe avae sare yake hukohuko nyumbani. Muombe tu, usimlazimishe. Akikubali, vaa viatu, acha mkasi nyumbani, umsindikize kwa miguu mpaka kwenye jengo. Mtapita kijiweni. Wale vijana watapiga kelele yao, nawe utaisikia kwa mara ya kwanza ukiwa upande wake.

Usimlazimishe kucheka. Watoto waache waulize kama kawaida. Jibu likirudi, lirudi lenyewe. Lisiporudi, ndiyo hasara yako, na utaishi nayo.

Shangazi

Nyongeza: Mzee amenipigia simu mwenyewe, kwa sauti ya upole sana. Amesema nichapishe yote, nisipunguze neno. Nikamuuliza anaendeleaje. Akasema, "Hali ya hewa bado mbaya." Nilitaka kucheka, nikajizuia. Utani ule si wangu.