Kibuyu Nilichokisugua Mno

Buswelu, Mwanza

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia pamoja na barua. Hapa sote wazima. Babu yako anakusalimu, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Unauliza kama zamani tulijua kwamba tumboni mna vijidudu vyema, vinavyosaidia hata presha. Hatukujua. Ila mimi niliwahi kuviua, vile vya kwenye kibuyu.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeolewa. Nikitafuta sifa kwa mama mkwe, nilikisugua kibuyu chake cha maziwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu yote ikaisha. Maziwa niliyotia humo hayakuganda, yakaharibika tu. Nikajua narudishwa kwetu. Mama mkwe alinusa, akacheka, akaenda kuomba kikombe cha mtindi kwa jirani, akaumimina kibuyuni pamoja na maziwa mapya.

"Wape siku mbili," akasema, utadhani mle ndani mna watu.

Siku ya pili maziwa yakaganda, nami nikapumua.

Kwa hiyo uliponiambia nipunguze chumvi, nizidishe mboga na maharage ili hivyo vijidudu navyo vipate chakula, sikubisha. Vidonge vya daktari sijaviacha, usiwe na wasiwasi. Jana zahanati nesi alinipima mara mbili, hakuamini: presha imeshuka! Nilipotoka nje nilijishika tumbo, nikawaambia kimyakimya, "Asanteni, wanangu."

Bibi yako,
Kabula