Ndalahwa amekufa mtandaoni

Mashimba, nimeua mtu.

Ile data huria ya waimbaji wa ngoma wa Kisesa niliyoiweka mtandaoni, yeyote aitumie. Ndalahwa nilimuunganisha kwa kiungo na marehemu babu yake: huyu ndiye yule. Si ndivyo tunavyosema mjukuu akirithi jina?

Kompyuta haijui mila. Imempa kijana tarehe ya kifo cha babu.

Amenipigia sasa hivi. "Shikamoo mzee. Wenye tamasha wamealika mwingine badala yangu, wamemtumia mama salamu za pole. Nimekufa lini?"

Nimekufa lini, Mashimba. Ananiuliza mimi.

Kiungo nimekifuta. Tovuti nyingine zilishakinakili, nimeziandikia, hazijibu. Mimi, mwenye cheti cha masomo ya jioni ya kompyuta.

Nikamwambia aendelee kuimba. Akasema, "Mzee, nani atamwalika marehemu?"